Nani Alibeba Mashua? Neno juu ya filimu za vita za Waingereza

Ku Kamalondo kuna nyumba moja ambamo vijana wamezoea kukutana siku ya Mungu mchana, kutazama filimu. Ni nyumba ya zamani ya matofali, na mti wa maembe mbele yake. Wanafunga pazia ku dirisha, wanaweka televisheni juu ya meza, na mwenye kuchelewa anakaa chini. Kwa desturi wanatazama filimu za karate ao mchezo wa mpira. Lakini tangu miezi michache mwalimu mmoja wa sekondari anawaletea filimu za vita za Waingereza, zile za miaka ya 1950, zilizotiwa sauti ya Kifaransa. Nyingi hazina rangi. Watu wanasema maneno machache, na kwa nusu saa nzima pengine hakuna anayekufa.

Tulifikiri vijana watatoka mmoja mmoja. Hawakutoka. Siku ya Mungu iliyofuata walikuwa wengi kuliko kwanza. Tukaanza kujiuliza: juu ya nini wanazipenda? Zile vita si zao, ile bahari si yao, na Waingereza hawakutawala hapa. Tena ni mambo ya babu wa babu zao.

Mwenye kutaka kuelewa atazame Ice Cold in Alex, filimu ya mwaka 1958. Habari yake ni fupi: watu wachache wanavusha gari la wagonjwa katika jangwa la Libya, wakikimbia Wadachi, wapate kufika Alexandria. Kapiteni wao, anayechezwa na John Mills, amechoka, tena ni mlevi. Ameapa hatakunywa tena mpaka wafike. Mahali pamoja wanakuta mlima wa mchanga. Mota haina nguvu ya kuupanda. Basi wanageuza gari kinyumenyume, wanashika chuma cha kuwashia mota, na kwa mikono yao wanaizungusha, kidogo kidogo, chini ya jua. Gari linapanda kiasi cha mkono mmoja, kisha mkono mwingine. Karibu na kileleni mmoja anaacha kushika vizuri, gari linateremka lote mpaka chini. Wanaangaliana. Hakuna anayetukana. Wanashuka, wanaanza tena.

Mu nyumba ile ya Kamalondo vijana walipiga kelele mahali pale kama watu walio ku uwanja wa mpira. Nani kati yetu hajapata kusukuma gari mu njia mbaya wakati wa mvua, akiona limeteleza na kurudi nyuma? Bunduki hawazijui, na Mungu asifiwe. Kusukuma wanakujua.

Hapo ndipo tunaona nguvu ya filimu hizi. Mtu mkubwa wao hajisifu. Mu filimu nyingine mkubwa anaua mia moja na nywele zake hazichafuki. Hapa anakosea, anaogopa, anachoka, tena anaendelea. Mu The Cruel Sea, ya mwaka 1953, kapiteni Ericson anaamini kwamba meli ya chini ya maji ya Wadachi imejificha pale pale ambapo mabaharia wa Kiingereza wanaogelea wakingoja kuokolewa. Akitupa mabomu, atawaua ndugu zake. Asipoyatupa, adui atazamisha meli nyingine. Anayatupa. Baadaye tunamwona analia, machozi wazi usoni, na filimu haituambii kama alifanya vema ao vibaya. Mu The Dam Busters, ya mwaka 1955, ushindi unapatikana, ukuta wa maji umebomoka. Lakini mwishoni mkubwa wa kikosi anakwenda peke yake kuandika barua kwa jamaa za wale ambao hawakurudi. Hakuna ngoma.

Kuna jambo lingine, na pengine ndilo kubwa kwa vijana wetu. Mu filimu hizi kazi ni moja na inajulikana. Vusha gari. Fikisha meli. Bomoa ukuta. Kila mtu ana mahali pake, na hata mdogo kabisa anajua kwamba akiacha kamba, wote wataanguka. Kijana aliyemaliza masomo na ambaye kila asubuhi anatoka nyumbani bila kujua atafanya nini, anatazama watu hawa na moyo wake unapata njaa. Haoni njaa ya vita, ni ya kuhitajiwa. Mmoja alituambia: "Wale hata wakikufa, walijua walikuwa wa nini."

Basi hatutajiunga na wale wanaosema kwamba filimu za watawala wa zamani zitupwe zote pamoja. Zina fadhila za kweli. Lakini kuna siku moja tulitazama ile iliyo karibu nasi kuliko zote, na siku ile neno moja dogo lilituharibia usingizi.

Mwalimu alikuwa ameleta The African Queen. Ni kazi ya Waingereza na Wamarekani pamoja: mwenye kuitengeneza ni John Huston wa Marekani, mpiga picha ni Mwingereza Jack Cardiff, na hadithi imetoka katika kitabu cha Mwingereza C. S. Forester cha mwaka 1935. Waliipiga mwaka 1951, sehemu yake mu Congo yetu, ku mto Ruiki karibu na Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, na sehemu nyingine Uganda. Pale ambapo wachezaji wenyewe walipaswa kuingia mu maji, walirudi London, wakaingia katika birika safi. Hatuwalaumu kwa hilo.

Habari ni hii. Mwaka 1914, mu Afrika ya Wadachi, ndugu wawili Wamethodisti wa Uingereza, Samuel Sayer na dada yake Rose, wanahubiri katika kijiji. Wadachi wanafika, wanachoma nyumba, wanachukua watu. Samuel anarukwa na akili, anakufa. Rose anabaki na Charlie Allnut, fundi mlevi mwenye mashua mbovu ya mvuke, na huyo dada mnyenyekevu ndiye anayesema: tushuke mto, tuizamishe meli ya Wadachi iliyo mu ziwa. Wanashuka. Wanapita maporomoko, wanapigwa risasi, wanaliwa na mbu na miruba, wanapendana. Humphrey Bogart alipata zawadi kubwa ya Oscar kwa kumcheza Charlie, na Katharine Hepburn kwa maoni yetu alistahili zaidi kuliko yeye.

Ni filimu nzuri. Mahali ambapo mashua imekwama mu matete, na hao wawili hawana nguvu tena, Rose anaomba Mungu maneno machache, bila kuomba kuokolewa. Anaomba tu wapokelewe. Kisha picha inapanda juu, nasi tunaona kile wasichokiona wao: ziwa liko karibu kabisa. Usiku mvua inanyesha mbali, mto unajaa, unainyanyua mashua. Sijaona mu sinema maombi mengine yaliyoonyeshwa kwa heshima namna ile.

Ndiyo maana mwanzo wa filimu ile ile unaumiza. Tunaingia katika kanisa la kijiji. Rose anapiga kinanda, Samuel anaongoza wimbo, na watu wetu wanatoa kelele tu, kama kundi la mifugo. Maneno hawayajui, sauti hazipatani. Charlie anafika, anatupa kipande cha sigara, na waamini wanakiangukia, wanapigania. Watu wa Kamalondo wanaimba kwa sauti nne tangu utoto. Walicheka kidogo, kicheko cha haya. Baada ya hapo kijiji kinachomwa, watu wanafukuzwa mbele ya bunduki, na filimu inawasahau. Hatuwaoni tena. Safari yote iliyobaki ni ya watu wawili, paka wawili tu, katika Afrika isiyo na Waafrika, isipokuwa askari wanaowapiga risasi kutoka ngomeni.

Filimu ilipoisha, papa mwenye nyumba, ambaye alikuwa amekaa nyuma bila kusema neno, aliuliza mwalimu: "Mwana, mule mu ziwa kweli kulikuwa vita ya mabato, bazee balikuwa banaisema. Lakini hakuna mto wa kutoka ku bahari kuingia mule. Ile mabato ya Bangereza ilifika je? Banani baliibeba?"

Mwalimu hakuwa na jibu. Nasi tukaenda kulitafuta mu vitabu. Kumbe lilikuwa limepita hapa hapa mu mji wetu.

Mto Ulanga wa kweli hauingii mu ziwa lo lote: unakwenda Rufiji na bahari ya Hindi. Hadithi ya Forester ni sura nyingine ya vita vya ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 Wadachi walikuwa na nguvu mu ziwa lile. Mwindaji mmoja, John Lee, aliwapa wakubwa wa manowari ku London shauri hili: mashua mbili za mota zipelekwe kwa reli kutoka kusini, zivushwe Katanga, ziingizwe mu ziwa upande wa Wabelgiji. Safari ikapewa Geoffrey Spicer-Simson, mtu wa majivuno mengi. Yeye alitaka mashua ziitwe Paka na Mbwa. London ikakataa. Akaziita Mimi na Toutou, wakakubali, bila kutambua kwamba ni mchezo ule ule kwa Kifaransa cha watoto. (Kwetu sisi, mashua yenye kuitwa Mimi inachekesha kwa sababu nyingine, tena inamfaa mwenyewe.)

Mashua hizo, kila moja ya meta 12 hivi, ziliteremshwa Cape Town mwanzo wa mwezi wa Julai 1915, zikawekwa juu ya treni. Reli ilikuwa imefika Elisabethville tangu mwaka 1910. Tarehe 26 Julai zilikuwa hapa. Kisha zikafika Fungurume, na hapo reli ikaisha. Kutoka Fungurume mpaka Sankisia, ambapo reli nyingine ilianza, ni zaidi ya kilometa 200 za pori, na katikati kuna milima ya Mitumba, zaidi ya meta 1,800 kwenda juu. Walikuwa na mashini mbili za mvuke za kukokota, na ng'ombe wengi. Lakini njia haikuwapo. Ilipaswa kukatwa. Madaraja yalipita mia, na yote yalitengenezwa kwa miti iliyoangushwa pale pale. Mashini iliposhindwa ku mteremko, watu walishika kamba. Maji yalipokosekana, mashini ambazo haziendi bila maji zililetewa maji na wanawake wa vijiji, mu mitungi, juu ya kichwa. Kazi ilianza mwezi wa Agosti. Mwisho wa Septemba mashua zilikuwa Sankisia. Kisha Bukama, kisha mto Lualaba mpaka Kabalo, kisha treni tena mpaka ziwani, mahali panapoitwa leo Kalemie.

Vita vyenyewe vilikuwa vifupi. Tarehe 26 Desemba 1915 Mimi na Toutou zilikamata meli Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizama. Meli kubwa, Graf von Götzen, ilizamishwa na Wadachi wenyewe karibu na Kigoma mwezi wa Julai 1916, walipoona mji unaponyoka. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ilibeba abiria na samaki kwa jina la Liemba, miaka mingi sana.

Sasa turudi ku sinema. Tuliona Ice Cold in Alex: watu wachache, gari moja, mlima mmoja wa mchanga, na kuzungusha kule kwa mikono kunakotufanya tushike roho. Basi, hapa Katanga, miaka 43 mbele ya filimu ile, watu walifanya kazi ya namna ile ile, juu ya mlima wa kweli, siku kwa siku, na kamba ilipokatika walishuka wakaanza tena. Mwenye kutengeneza filimu angekuwa na nini zaidi? Mashua mbili mu pori, mbali na maji yo yote, zikipanda mlima. Wanawake mstari mrefu na mitungi ya maji kwa ajili ya chuma. Forester aliijua habari ya ziwa. Huston alikuja mpaka Congo na mashini zake za picha. Walichukua meli, wakachukua ziwa, wakachukua hata ujanja wa majina ya Kiingereza. Waliacha mlima na waliopanda.

Mtu atasema: hadithi ina haki ya kuchagua. Hadithi ya mapendo inataka watu wawili, haitaki mia tano. Tunakubali. Hatumwombi mshairi hesabu ya bwana wa bohari. Tena si Waafrika tu wanaosahauliwa. Mu The Dam Busters, maji ya ukuta uliobomoka yaliua watu zaidi ya 1,300, na wengi kati yao walikuwa wafungwa na wanawake wageni waliolazimishwa kufanya kazi pale. Mu filimu tunaona maji mengi, mazuri kutazama, na wao hawamo.

Lakini sikilizeni shida yetu ilipo. Filimu hizi zinasifu kitu gani? Zinasifu utumishi usiotafuta jina. Zinasifu mtu mdogo anayeshika kamba na haiachi. Ndiyo fadhila yao, ndiyo utamu wao, ndiyo wanayoipenda vijana wa Kamalondo. Na nani mu vita ile alitumika bila jina kuliko mpagazi? Si Mitumba tu. Wabelgiji waliposhika Tabora, tarehe 19 Septemba 1916, jeshi lao lilikuwa limekula na kupiga kwa mzigo wa wapagazi, maelfu na maelfu, na wengi walikufa njiani kwa kuhara na kwa njaa. Upande wa Waingereza ilikuwa vile vile: huko Nairobi na Dar es Salaam wapagazi wao wamebaki paka kama jina la mtaa, Kariakoo, ndiyo Carrier Corps mu kinywa cha watu. Basi filimu iliyotengenezwa kwa kusifu watumishi wa siri imewaficha watumishi wa siri kuliko wote. Kosa hili tunaliona ni kosa la sanaa yenyewe, mbali na siasa. Mwenye kuimba sifa za unyenyekevu alipita mbele ya wanyenyekevu asiwatambue.

Na kilichofichwa kinarudi na sura mbaya. Jack Cardiff, yule mpiga picha wa mto Ruiki, aliongoza yeye mwenyewe mwaka 1968 filimu ya Kiingereza juu ya Congo, The Mercenaries. Treni ya askari wa kukodiwa inakwenda kuokoa Wazungu na almasi. Congo hii ilipigwa picha Jamaica. Waafrika waliokosekana katika mashua ya mwaka 1951 sasa ni wengi sana, lakini wamekuja kuua na kuuawa. Mmoja tu, anayechezwa na Jim Brown wa Marekani, anapewa moyo na akili, na analipa kwa maisha yake. Filimu hiyo haina ule utulivu wa zamani. Watu hawasukumi tena kitu pamoja. Mwaka 2016 ikaja The Siege of Jadotville, juu ya Waayalandi waliozungukwa Likasi mwezi wa Septemba 1961, nayo ilipigwa picha Afrika ya Kusini. Waayalandi wale walikuwa hodari kweli, tena hakuna hata mmoja wao aliyekufa, na ni haki watu wao wawaheshimu. Lakini tulitazama filimu ile na watu wenye jamaa Likasi. Jandarma wa Katanga wanaanguka mu majani safu kwa safu. Hakuna anayeandika barua kwa jamaa zao.

Ni lazima tuseme vilevile juu yetu. Askari waliporudi kutoka vita ile ya kwanza, ngoma ya mbeni ilienea Afrika ya mashariki nzima mpaka hapa Elisabethville. Wazee wetu walivaa vizuri, walipanga mistari kama jeshi, wakapeana vyeo: mfalme, jenerali, daktari. Ilikuwa namna yao ya kuchukua vita ya Wazungu na kuifanya mchezo wao, na ilikuwa na akili nyingi. Lakini cheo cha mpagazi hatukisikii popote mu mbeni. Hata sisi tulipochagua la kukumbuka, tulichagua kofia yenye alama.

Tulimpelekea papa mwenye nyumba jibu letu siku ya Mungu iliyofuata. Alisikiliza yote, Fungurume, Mitumba, mitungi ya maji. Hakushangaa sana. Alisema tu kwamba barabara ile ya Fungurume inajulikana, leo inapita malori ya madini mchana na usiku, na juu yake watu bado wanasukuma. Kisha akamwomba mwalimu arudishe The African Queen mwanzoni.

Tulitazama tena kanisa, kinanda, sigara. Hakuna aliyecheka safari hii. Wadachi wakafika, moto ukawaka, watu wakaanza kusukumwa kwenda. "Simamisha pale," papa akasema. Mwalimu akasimamisha. Wale waliocheza pale walikuwa watu wa Butiaba, ku ziwa Albert, wa mwaka 1951. Majina yao hayakuandikwa mu filimu. Picha ilikuwa inatetemeka kidogo. Mbele kabisa kulikuwa mwanaume mmoja mwenye kugeuza kichwa, kama mtu anayetafuta mke wake katika moshi. Vijana walisogea karibu na televisheni. Tulikaa vile muda mrefu, tukiwatazama mmoja mmoja, mpaka umeme ukakatika.